Vichwa Vinane Vizito

Risasi ya nne ilipolia, Arlys Tveit alijua kuna kitu kimeharibika. Mlio ulikuwa mkavu na mfupi, kama mlango wa chuma uliobamizwa. Orrin, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alisukumwa nyuma kwenye kiti, akaiachia bunduki juu ya mfuko wa mchanga na kushika shavu.

"Jicho!" Arlys alipiga kelele. "Orrin, jicho!"

"Jicho lipo," Orrin alijibu, akivua miwani. Kioo cha kulia kilikuwa kimejaa vidoadoa vyeusi, na chini yake, shavuni, damu ilikuwa inachungulia katika vitundu vidogo vidogo. "Ila hii kitu imenipiga teke la punda. Si uliniambia hizi nyepesi zitanionea huruma?"

Ndivyo alivyomwambia. Orrin alikuwa amepasuliwa bega mwezi wa nne, na msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, ulikuwa unafunguliwa Jumamosi. Alimwomba Arlys, aliyekuwa akijaza risasi mwenyewe nyumbani, amjazie zenye vichwa vyepesi, vya uzito wa punje mia na hamsini, badala ya vile vya mia na themanini alivyozoea. Arlys alimjazia ishirini, akazipanga kwenye kisanduku na kuandika juu yake kwa mkono wake: *150. Kwa bega bovu.* Siku anampa, walicheka wote wawili.

Delmar Pruitt alikuja mbio kutoka benchi la pili. Delmar alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapo Harlan Creek, na Jumatano hiyo ilikuwa zamu yake ya kusimamia uwanja wa shabaha wa klabu. Alijaribu kuinua komeo la bunduki. Halikuinuka. Alilipiga kwa kiganja, kisha kwa kipande cha ubao, ndipo likafunguka kwa kukwaruza na ganda tupu likaanguka mezani. Fataki kwenye kitako cha ganda, ile inayowasha baruti, ilikuwa imelala bapa kama sarafu iliyopitiwa na treni, na masizi yameizunguka pale gesi ilipopenya na kumrukia Orrin usoni.

"Mashine ya kasi inasemaje?" Orrin aliuliza, leso ikiwa shavuni.

Arlys ndiye aliyekuwa amekaa karibu nayo. Risasi tatu za kwanza zilikwenda futi elfu mbili mia tisa na kidogo kwa sekunde, sawasawa na alivyokuwa ametabiri. Ya nne ilikwenda elfu mbili mia nane na kumi.

"Imepungua," alisema.

"Imepungua?" Delmar alicheka. "Imepiga teke zaidi, halafu imekwenda polepole zaidi? Basi huo mtutu umekwisha. Bunduki ya mzee imechoka, Orrin. Inavuja huku na huku, kama mwenyewe."

"Mimi sivuji."

"Subiri mwaka mmoja."

Arlys hakucheka. Alikuwa anaitazama ile namba. Kila mwezi wa tatu, katika ukumbi wa klabu, alifundisha watu kujaza risasi zao wenyewe, na somo la nne lilikuwa hilihili. Aliwatoa nje, akawapa toroli tupu na toroli lililojaa kuni, akawaambia wasukume kwa nguvu ileile. Tupu linaondoka upesi. La kuni linasita. Sasa fikirieni, aliwaambia, nyuma ya toroli kuna moto. Kichwa kizito kinachelewa kuondoka, gesi ya baruti haina pa kwenda, presha inapanda, na presha ikipanda baruti nayo inazidi kuwaka haraka. Kwa hiyo kichwa kizito hupewa baruti kidogo. Mkiona siku moja teke limeongezeka na kasi imepungua, msiulaumu mtutu. Kuna mtu ameweka kuni kwenye toroli.

Alifungua mdomo. Macho yake yakaenda kwenye mlango wa ukumbi, nyuma ya Delmar, ambako Ubao wa Wazembe ulining'inia.

Ubao ule aliuanzisha yeye, miaka kumi na moja iliyopita. Mtu akiharibu risasi kwa uzembe, ganda lake lilipigiliwa msumari pale, na jina lake na kosa lake viliandikwa chini yake. Maganda yalikuwa sita. La mwisho lilikuwa la Delmar, la misimu miwili iliyopita, na mwandiko ulikuwa wa Arlys: *Delmar P. Hakusoma sanduku.* Siku ile Delmar alikuwa amemwomba aandike herufi za kwanza tu za jina, kwa sababu mkwe wake alikuwa anakuja. Arlys aliandika jina zima na kubakiza herufi moja ya ukoo.

"Mwalimu, mbona kimya?" Delmar alisema sasa. "Siku nyingine ungeshatupa hotuba mbili na mtihani."

"Natazama," Arlys alisema. Kisha akaongeza, "Orrin, hizo zilizobaki nipe nikazipime nyumbani. Na hilo ganda."

"Za nini? Zako hazijawahi kukosea," Orrin alisema.

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayetaja jina la mji wake. Halafu akapitisha mkono wake mzima juu ya mti wa bunduki, pale palipolainishwa na shavu la baba yake kwa miaka arobaini na lake kwa miaka thelathini.

"Ijumaa nitakuletea ukaikate, Delmar," alisema. "Vipande vitatu. Sitaki mjukuu aje aiokote stoo imlipukie usoni."

"Una hakika?"

"Hapana. Lakini ikate."

Arlys alisema, "Usiwe na haraka, shemeji." Ndilo neno pekee alilotoa. Akaingia kwenye gari lake na risasi sita na ganda moja, akaondoka.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba, kando ya mashine ya kufulia. Alikuwa amewaza njia nzima kwamba huenda amekosea, huenda kweli ni mtutu. Aliweka risasi ya kwanza kwenye mizani, kisha ya pili, mpaka ya sita. Nne zilikuwa na uzito mmoja. Mbili zilizidi kwa punje thelathini.

Kwa macho zote zilifanana, na huo ndio ubaya wake. Mashine ya kukandamizia humaliza kila risasi kwa urefu uleule. Kichwa kizito ni kirefu zaidi, lakini hakitokezi juu ukakiona. Kinazama ndani ya ganda na kuila nafasi ya baruti. Alivuta sanduku la vichwa vya mia na themanini kutoka kwenye rafu. Lilikuwa la vichwa mia moja na hakukumbuka kulifungua. Alihesabu mara mbili. Tisini na viwili.

Ndipo Jumapili ikamrudia yote. Alikuwa ameshatia baruti ya vichwa vyepesi kwenye maganda yote ishirini, na vichwa vyepesi vikamwishia kwenye la kumi na mbili. Simu ikalia. Alikuwa Bernadine, dada yake. Arlys alibana simu begani na kuendelea na kazi, na akawa anamsimulia Bernadine, kwa mara ya tatu au ya nne, jinsi Delmar Pruitt alivyochanganya masanduku na kutaka jina lake lifichwe. Walicheka mpaka Bernadine akakohoa. Wakati huo mkono ulikwenda kwenye rafu, ukashika sanduku la rangi ileile, ukalifungua.

Kanuni yake ya kwanza darasani ilikuwa: kabla ya kutoa kichwa, soma sanduku kwa sauti. Watu wazima, wanaume wenye ndevu nyeupe, aliwasomesha kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Jumapili hakusoma. Mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine.

Vizito vilikuwa vinane. Kimoja kimempasukia Orrin. Viwili viko hapa mezani. Vitano viko kwa Maren.

Maren alikuwa binti wa Orrin. Bunduki yake ilikula risasi za aina ileile, na Jumatatu baba yake alikuwa amemgawia kumi kutoka kwenye kisanduku. Arlys alishika simu. Akaiweka. Maren hapigi mpaka Jumamosi, alijiambia. Akapasha viazi, akala amesimama, akaosha sahani moja na uma mmoja. Alijua kabisa anachofanya. Kama mwanafunzi wake mmoja angefanya hivyo, angemfukuza darasani.

Alhamisi alioka pai ya tufaha. Kwenye mfuko wa koti alitia risasi kumi mpya, alizozijaza alfajiri huku akisoma kila sanduku kwa sauti katika chumba kisicho na mtu. Kisha akaendesha gari hadi kwa Maren, maili tisa juu ya bonde, theluji nyepesi ikipita mbele ya kioo.

"Mama mkubwa! Na pai!" Maren alisema mlangoni. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Siwezi kukuletea pai?"

"Unaweza. Ila hujawahi."

Begi la kuwindia lilikuwa sakafuni karibu na jiko la kuni, tayari, na kofia ya rangi ya machungwa juu yake. Walikunywa kahawa. Maren alimweleza kwamba baba yake ana pamba shavuni na hataki iguswe. Halafu farasi akagonga lango huko nje, na Maren akavaa mabuti na kutoka kumwona.

Arlys alipiga magoti. Alifungua zipu ya mfuko wa pembeni, hakuna kitu. Akafungua ya katikati. Soksi, kisu, kitambaa. Kisanduku kilikuwa chini kabisa. Alikitoa, akakifungua, akaanza kutoa risasi mbili mbili na kuzitia kwenye mfuko wa kushoto wa koti, na vidole vyake, ambavyo kwa miaka thelathini havikuwahi kumwaga hata chembe ya baruti, vikadondosha moja. Ikabingirika sakafuni mpaka ikagota kwenye buti.

Buti lilikuwa mguuni mwa Maren.

"Mama mkubwa," Maren alisema taratibu, "unatafuta nini kwenye begi langu?"

"Nakubadilishia risasi."

"Kwa nini?"

"Hizi ni nzuri zaidi."

"Zile zina nini?"

Arlys alibaki amepiga magoti. Alikuwa na miaka hamsini na minane, amelea watoto watatu, amezika mume, ameongoza ofisi ya usajili ya kaunti miaka ishirini na mbili, na hapo alikuwa na risasi za mwizi mfukoni na hakuweza kuinua uso.

"Ungesema tu," Maren alisema. "Ungeingia ukasema, Maren, lete zile risasi. Ningekupa."

"Ungeuliza kwa nini."

"Ndiyo. Ningeuliza kwa nini."

Basi akamwambia. Alimwambia akiwa chini palepale: simu, rafu, sanduku, namba kwenye mashine ya kasi. Maren alikaa sakafuni mbele yake na kusikiliza. Mwishoni aliokota ile risasi kando ya buti, akaishika kwa vidole viwili, mbali kidogo na mwili wake.

"Jana jioni nilimkuta Baba anaipaka bunduki mafuta," alisema. "Bunduki anayokwenda kuikata. Anaipaka mafuta. Nikamuuliza kwa nini, akasema hataki iende chafu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho. Kabla ya chakula."

"Sawa. Mimi simwambii," Maren alisema na kusimama. "Lakini kesho nitakuwepo. Nikiona Delmar ameishika ile bunduki na wewe unakula maharage, nitasema mimi, tena sitasema vizuri." Alimfungulia mlango. "Hizo za zamani zichukue zote. Pai uiache."

Ijumaa ya kabla ya kufungua msimu, klabu nzima hula pamoja. Arlys alikuwa amepanga kumvuta Orrin kando, pale magari yanapoegeshwa, amwambie wao wawili tu. Alifika mapema nusu saa. Orrin alikuwa ameshafika, yuko ndani, na bunduki imefungwa ndani ya blanketi juu ya meza ndefu, kati ya sufuria la maharage na nyama ya kulungu na sinia la mkate wa mahindi. Watu kama thelathini walikuwa wamejaa. Wengine waligusa blanketi wakipita, kama wanaoaga.

"Mpeni nafasi marehemu," Delmar alisema. "Orrin, unataka kusema neno, au niseme mimi? Mimi nitasema alikuwa mvuvi hodari, maana elki hakumpata kwa miaka mitano."

"Miaka mitatu."

"Mitano. Yule wa mwisho alikufa kwa kuchoka kukungoja."

Ukumbi ulicheka. Orrin naye alicheka, akashika shavu kwa sababu pamba ilivuta. Maren alikuwa amesimama ukutani na sahani tupu. Hakumwangalia mtu mwingine ila Arlys.

"Delmar," Arlys alisema. "Nipe nyundo."

"Unaikata kwa nyundo, Mwalimu? Nimeleta mashine."

"Nipe nyundo na msumari."

Kuna kitu katika sauti kilimfanya Delmar ampe bila kuongeza neno. Arlys alikwenda kwenye Ubao wa Wazembe. Alitoa lile ganda mfukoni, akaliweka kando ya la Delmar, na kulipigilia. Msumari wa kwanza ulipinda. Aliuchomoa, akapiga wa pili. Kelele zote za vijiko zilikuwa zimekwisha.

"Bunduki ya mzee Tveit haina kosa," alisema, akiwa bado ameelekea ubao. Kisha alijilazimisha kugeuka. "Kosa ni langu. Nilitia baruti ya vichwa vya mia na hamsini, nikaweka vichwa vya mia na themanini. Vinane. Kimoja ndicho kilichomchoma Orrin uso. Vitano alikuwa navyo Maren."

Alichukua kalamu nene iliyoning'inia kwa uzi na kuandika: *Arlys Tveit. Hakusoma sanduku.* Jina zima, na la ukoo zima.

"Nimeingoja siku hii miaka miwili," Delmar alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Na sasa haina utamu hata kidogo."

Orrin alikuwa amesimama. Alimtazama Arlys kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo mno.

"Jumatano ulijua?" aliuliza.

Hapo palikuwa na jibu jepesi. Angeweza kusema alishuku, kwamba alitaka kwanza kupima, na lingekuwa nusu ya kweli. Watu wangelikubali. Hata Maren asingeweza kulipinga.

"Nilijua niliposoma ile namba," alisema.

"Kabla sijasema ikatwe."

"Kabla."

Orrin aliitikia kwa kichwa, mara mbili. "Basi ongezea."

"Niongezee nini?"

"Hapo ubaoni. Kukosea sanduku hata mimi nimewahi. Andika na hilo la pili."

Nafasi haikutosha. Ilimbidi aminye herufi pembeni, zikishuka ukingoni mwa ubao moja chini ya nyingine: *Akanyamaza.* Alipomaliza, uso ulikuwa unamwaka kuanzia shingoni, na alijua kwamba kila mwezi wa tatu, akisimama kufundisha, wanafunzi watakaa wakiutazama mstari huo juu ya bega lake. Ikiwa watampa tena darasa.

"Kila mwenye risasi nilizojaza mwezi huu," alisema, "azilete hapa mezani. Naomba. Zote."

Walikwenda kwenye magari. Walirudi mmoja mmoja na visanduku vyenye mwandiko wake, vile vya utani vyote, *kwa mke asiyekosea*, *kwa kulungu kipofu*, wakaviweka kando ya mkate bila kumtazama usoni. Hilo lilikuwa gumu kuliko kama wangemtukana. Delmar alileta vitatu. Kumbe naye alikuwa anajaziwa na Arlys, kwa kupitia mtu mwingine, tangu ganda lake lilipopigiliwa ukutani.

Orrin aliichukua bunduki na blanketi lake. Ingepelekwa kwa fundi wa bunduki mjini ikakaguliwe chemba na komeo. Fundi akisema ni salama, ni salama. Jumamosi hakuwinda. Alipanda mlima na Maren kumsaidia kubeba, wakarudi na baridi tu.

Jumapili baada ya kanisa, Arlys alikuwa chini ya nyumba na risasi mia na kumi mbele yake. Alikuwa anazivunja moja baada ya nyingine kwa nyundo ya kung'olea: unagonga, kichwa kinatoka, unamwaga baruti, unapima kichwa, unaandika. Simu ilikuwa imezimwa. Alisikia hatua nzito kwenye ngazi.

Orrin hakubisha hodi. Alivuta kigoda, akakaa upande wa pili wa meza, akavaa miwani mipya. Shavuni madoa yalikuwa yamekuwa ya zambarau.

"Fundi anasema wiki mbili," alisema.

"Kuna kahawa juu."

"Sitaki kahawa."

Arlys aligonga. Kichwa kikatoka, akakiweka kwenye mizani na kuchukua kalamu.

"Kwa sauti," Orrin alisema.

Aliishusha kalamu. Halafu akasoma kwa sauti, wazi, kama alivyowasomesha wale wanaume wenye ndevu nyeupe. "Mia na hamsini."

Orrin aliinama juu ya meza, akasogeza miwani, akaitazama namba kwa macho yake mwenyewe. Zamani asingetazama.

"Sawa," alisema. "Nyingine."